Mtoto aliye kwenye hatari kubwa: mtu wa kujitolea hamtoshi, apewe mlezi wa kuajiriwa, tena kwa miaka

#1 Mwanzo Mgumu (mleta mada)

Wakuu, habari zenu. Jambo hili limenikaa kifuani muda mrefu, leo nalitoa.

Ninachodai ni hiki. Mtoto wa miaka mitano au sita ambaye nyumbani kwao ni vipigo, mzazi mmoja yuko gerezani na wa pili hajulikani usiku huu atalala wapi, huyo asipewe mtu wa kujitolea. Apewe mtu aliyeajiriwa kwa kazi hiyo tu, kuanzia anapoingia shule hadi anapomaliza sekondari. Miaka 12 hivi. Mtu mwenye mshahara, likizo, msimamizi na daftari la kazi.

Nasema hivi kwa sababu mimi nilijitolea. Nilipangiwa kijana wa miaka tisa, Jumamosi mbili kwa mwezi. Nilienda miezi mitano. Kazini wakanibadilishia zamu, nikakosa Jumamosi moja, ikafuata nyingine, mwisho nikamwandikia mratibu kwamba nimeshindwa. Nikaona yameisha.

Baadaye nikakutana na bibi yake. Hakunilaumu. Aliniambia tu: "Alikuwa akivaa viatu asubuhi, anakaa pale kizingitini mpaka jua linazama. Jumamosi nne. Ya tano akavificha viatu, akasema vimepotea."

Huo mpango wa kuajiri upo. Portland, jimbo la Oregon huko Marekani, kuna shirika la Friends of the Children, lilianza 1993. Mwanzilishi ni Duncan Campbell, ambaye mwenyewe alikulia kwa wazazi walevi, baba akaenda jela. Alipofanikiwa kwenye biashara ya misitu akaweka fedha zake huko. Wafanyakazi wao wanaitwa "rafiki", lakini ni ajira ya kudumu, na kila mmoja ana watoto wachache, wanane hivi, si zaidi.

Naomba mnipinge kwa hoja.

#2 Kambi Imara

Naweka kambi hapa. Hiyo ya viatu imenivunja.

#3 Ticha Mstaafu

Mleta mada, nakubaliana nawe nusu. Nimefundisha madarasa ya chini miaka 31, kwa hiyo nianze na jambo ulilolipita haraka: huyo mtoto wa "hatari kubwa" unampataje?

Ukimwambia mwalimu ataje watano walio hatarini, atakutajia watano wanaomsumbua. Anayerusha kiti, anayetukana, anayetoroka. Mimi mwenyewe nilifanya hivyo miaka mingi. Nilikuwa na mvulana mmoja hana kelele, hana kesi, daftari safi. Kola ya shati lake ilikuwa imeloa kabla ya mapumziko ya kwanza kila siku, anaitafuna. Nikawa namwambia "acha kula nguo". Yaliyokuwa yakimkuta nyumbani tulikuja kuyajua polisi walipofika shuleni.

Hao wa Portland, kwa nilivyowasoma, hawachukui orodha ya mwalimu wakaondoka nayo. Wanakaa darasani kwa wiki kadhaa wanatazama wenyewe, wanauliza, ndipo wanachagua. Hapo nawavulia kofia. Kazi ya kuchagua peke yake inahitaji mtu mwenye muda, na muda wa mtu hulipwa. Kwenye hilo niko na wewe.

Nusu nyingine nitaileta, macho yamechoka.

#4 Hesabu Kwanza

Mkuu Mwanzo Mgumu, pole kwa yaliyokukuta. Lakini tusijenge sera juu ya majuto ya mtu mmoja.

Mlezi mmoja watoto wanane. Watoto 1,000 wanataka walezi 125, kwa miaka 12. Hapo hujaweka wasimamizi, nauli, mafunzo, na kujaza nafasi za wanaoacha. Na hao 1,000 watatoka kwenye kundi la maelfu mangapi wenye shida ile ile?

Upande wa pili, watu wa kujitolea wamepimwa na wakaonekana wanasaidia. Big Brothers Big Sisters, shirika la Marekani linalowapa vijana watu wazima wa kujitolea na ambalo mizizi yake ni ya 1904, lilifanyiwa tathmini kubwa iliyotoka 1995. Vijana 959 wa miaka 10 hadi 16, wakagawanywa kwa bahati nasibu: wengine wapewe mtu, wengine wasubiri miezi 18. Waliopewa walikuwa na uwezekano mdogo kwa asilimia 46 wa kuanza kutumia dawa za kulevya, na asilimia 27 wa kuanza pombe. Kumpiga mtu kulipungua kwa karibu theluthi. Utoro nao ulishuka. Yote hayo kwa watu wasiolipwa.

Sasa niambie kwa nini niajiri.

#5 Mwanzo Mgumu

Hesabu Kwanza, wale 959 walikuwa na umri wa kuanzia 10, tena mzazi ndiye aliyewapeleka kuomba. Mtoto ambaye mzazi wake ana nguvu ya kwenda kujaza fomu na kusubiri foleni si yule ninayemsema. Ninayemsema hana wa kumjazia fomu.

#6 Hesabu Kwanza

Hiyo ni hoja. Naipokea, ila sijahama.

#7 Fundi Saa

Wakuu, mnabishana kulipwa au kutolipwa, na mimi naona suala ni muda. Data hizo hizo za 959 zilichambuliwa upya na Jean Grossman na Jean Rhodes, wakachapisha 2002. Waliangalia uhusiano ulidumu kiasi gani. Uliofika mwaka au zaidi ndio uliokuwa na faida nyingi. Kadiri ulivyokuwa mfupi, faida ilipungua, na ule uliovunjika ndani ya miezi michache vijana wake walionekana kurudi nyuma kwa baadhi ya mambo, kama kujithamini, hata kuliko ambao hawakupewa mtu kabisa.

Kwa hiyo mleta mada, bibi wa yule kijana alikueleza kwa viatu jambo ambalo watafiti walilieleza kwa jedwali.

Lakini tuwe makini. Huenda uhusiano haukuvunjika kwa sababu mlezi ni mlegevu. Huenda mtoto mwenye majeraha makubwa ndiye anayechosha watu wakaondoka, na angerudi nyuma hata hivyo. Wale watafiti walijaribu kulitenganisha hilo kitakwimu, ila huwezi kumgawia mtoto uhusiano wa kuvunjika kwa bahati nasibu, kwa hiyo shaka haiondoki yote.

#8 Mama Wawili

Nawasoma tangu asubuhi na hakuna aliyemtaja mama. Mnamjadili mtoto kana kwamba ameokotwa njiani.

Mwanangu wa kwanza alipewa mtu kama huyo, wa kuajiriwa, akiwa na miaka sita. Nilikuwa nimetoka kwenye ndoa ya kipigo, sikuwa mzima. Yule dada alikuwa mwema, sina neno. Lakini alikuwa akija na nguo zilizonyooshwa, na subira ambayo mimi saa kumi na moja jioni sina. Mwanangu akaanza kuniambia, "Yeye hapigi kelele." Kila alipoondoka mlango ukifungwa nilikuwa najiona nimekufa kidogo.

Siku moja nilimfungia nje. Kweli kabisa, nilimwona anakuja nikatia komeo. Hakugonga mara ya pili. Alikaa kwenye ngazi nusu saa akiongea na mimi kupitia mlangoni, na hakumtaja mtoto hata mara moja, aliniuliza kama nimelala usiku. Toka siku hiyo alikuwa akifika dakika kumi mapema, anakaa na mimi kwanza.

Mwanangu ni mkubwa sasa. Kama alisaidiwa yeye kwanza au mimi kwanza, siwezi kuwaambia.

#9 Kambi Imara

Dada Mama Wawili, asante kwa kutuamini na hili.

#10 Bandari Salama

Mimi nitakuwa mchungu kidogo. Kuna jaribio la zamani la aina hii hii: walezi wa kulipwa, vijana wa hatari, muda mrefu. Lilifanyika Cambridge, Uingereza, mwaka 1935, vijana wakafuatiliwa miaka kumi, na mwisho wa siku waliosaidiwa wakatoka WABAYA ZAIDI ya ambao hawakusaidiwa. Tafuteni. Huruma peke yake haina dhamana.

#11 Ticha Mstaafu

Ndugu Bandari Salama, hoja yako ni nzito ndiyo maana naisahihisha, isije ikatupwa kwa makosa madogo.

Si Uingereza. Ni Cambridge na Somerville, miji miwili jirani ya Massachusetts, Marekani. Mwaka 1935 ni wa kubuniwa kwa mpango, aliyeubuni ni daktari Richard Clarke Cabot. Kazi na wavulana ilianza 1939, mwaka ambao Cabot mwenyewe alifariki. Haikuwa miaka kumi, ilikuwa wastani wa mitano, na mlezi alimtembelea mvulana kama mara mbili kwa mwezi.

Waliobaki hadi mwisho walikuwa 506, wamepangwa jozi kwa jozi, mmoja anasaidiwa, mwenzake anaachwa. Mtafiti wa uhalifu Joan McCord ndiye aliyewatafuta baada ya miaka 30 na zaidi, akachapisha 1978. Hapo uko sahihi: waliosaidiwa walionekana kuzidi kwa kurudia uhalifu, kwa dalili za ulevi, kwa maradhi ya akili, na waliokufa walikufa mapema zaidi.

#12 Bandari Salama

Mwalimu, umesahihisha na umenipa alama. Nashukuru.

#13 Jembe Kwa Jembe

Nilikuwa nasoma tu, ila hapa lazima niingie. Ndiyo kazi yangu, mwaka wa tisa huu. Ninao wanane.

Huo mfano wa Cambridge na Somerville sisi tunafundishwa wiki ya kwanza kazini, ili tuogope. Na kuogopa ni kuzuri. Lakini ziara mbili kwa mwezi si kazi ninayoifanya mimi. Mtoto wangu namwona mara tatu au nne kwa wiki moja ikibidi. Niko darasani kwake, niko kwenye kikao cha mahakama, niko kliniki. Kuna mmoja tulikaa miezi miwili ya kwanza bila yeye kusema neno. Tulikuwa tunapanga vifuniko vya chupa kwa rangi. Mimi nyekundu, yeye bluu. Siku aliyoniwekea kifuniko chekundu mkononi bila kuangalia, nilitoka nje nikalia.

Nikikosea naandika. Msimamizi wangu ananiuliza kila wiki: "Nani kati ya wanane unamkwepa?" Daima yupo mmoja. Nadhani hicho ndicho mshahara unachonunua kwangu. Upendo wa wajitoleaji naujua na ni wa kweli, ila mjitoleaji hana wa kumuuliza hilo swali.

#14 Fundi Saa

Kurudi kwa Bandari Salama, kwa nini jaribio lile liligeuka? Maelezo yapo mengi. Mwaka 1999 Thomas Dishion, McCord na François Poulin walieleza kwamba madhara yaliwaangukia zaidi wavulana waliopelekwa kambi za likizo zaidi ya mara moja. Yaani unakusanya vijana wenye tabia ngumu sehemu moja, wanafundishana, wanachekeana ubaya, wanarudi nao nyumbani. Kama ni hivyo, kosa ni kundi, si mlezi wa mmoja mmoja.

#15 Mkaa Kimya

Fundi Saa, liongeze na la vita. Mpango uliingia katikati ya Vita Kuu ya Pili, baadhi ya walezi wakaitwa jeshini, watoto wakabadilishiwa watu. Fikiria kijana wa miaka 12 ameshaondokewa na baba, sasa anaondokewa na mtu aliyeambiwa ni wake. Hiyo ni Jumamosi ya tano ya mleta mada, imechapwa mara mia.

Na McCord mwenyewe alifikiria jingine: kwamba vijana walizoeshwa kutegemea mtu wa nje, au walipewa matumaini ambayo maisha hayakuyatimiza, msaada ulipokatika wakajiona wameporwa. Au kwamba kuitwa "mwenye kusaidiwa" kulimfanya mtu ajione ana kasoro. Binafsi naegemea la matumaini, lakini siwezi kula kiapo.

#16 Hesabu Kwanza

Mmesahau lililonitisha mimi zaidi ya yote. Theluthi mbili ya wale wanaume, walipoulizwa wakiwa watu wazima, walisema mpango uliwasaidia. Takwimu zinaonyesha madhara, wenyewe wanashukuru.

Ndiyo maana kila mtu akiniletea ushuhuda hapa, namheshimu lakini siuhesabu. Dada Mama Wawili, naomba usinichukie.

#17 Mama Wawili

Sikuchukii mwanangu. Lakini wewe ulihesabu walezi 125 na hukumhesabu mama hata mmoja.

#18 Kambi Imara

Hesabu hapo umepigwa bao, kubali yaishe.

#19 Hesabu Kwanza

Nimekubali bao. Mechi inaendelea.

#20 Nuru ya Asubuhi

Mimi nililelewa hivyo. Kuanzia miaka sita hadi kumi na nane, mtu mmoja, na alikuwa analipwa. Sijui kama nitahesabiwa, ila nipo.

#21 Bandari Salama

Dada Nuru, samahani kwa swali gumu, usipotaka usijibu. Ulijua kwamba analipwa? Na ulipojua ulijisikiaje? Kwangu huo ndio mfupa wa mada yote. Mtoto asiyependwa na mtu, halafu anagundua anayempenda yuko kazini.

#22 Shina Moja

Wakati tunamsubiri Nuru, mimi nasumbuliwa na jina. Mnasema mlezi, lakini mlezi wa mtoto ni mama, ni bibi, ndiyo maana Mama Wawili ameumia. Mnasihi? Huyo ni wa kutoa nasaha, na Jembe amekaa miezi miwili anapanga vifuniko bila nasaha yoyote. Mshauri ndiyo mbali kabisa. Mimi ningesema mwandani.

#23 Ticha Mstaafu

Mwandani ni zuri kwa sikio, ila ni la mtu wa siri zako, wa rika lako. Mtu mzima na mtoto wakiitwa wandani mimi nashtuka, na nadhani ni vyema kushtuka. Tujadili na hili pia: mtu mzima anayekaa peke yake na mtoto asiye na wa kumsemea. Mtoto wa namna hiyo ndiye anayetafutwa na wenye nia mbaya.

#24 Jembe Kwa Jembe

Mwalimu amegusa penyewe. Kwetu kabla ya kuajiriwa unachunguzwa rekodi polisi, unahojiwa mara kadhaa, wanapiga simu kwa watu ulioishi nao. Ukiwa kazini, kila tulikokwenda na saa tuliyorudi vinaandikwa. Sikai na mtoto chumba kilichofungwa mlango. Mtoto anaambiwa tangu siku ya kwanza nani wa kumwambia kama mimi nikimfanyia jambo asilolipenda, na huyo mtu si rafiki yangu. Na nikisikia mtoto anaumizwa nyumbani sina uchaguzi, naripoti, hata kama mama atanifungia komeo mwaka mzima.

Hilo la kuripoti ndilo gumu kuliko yote. Mara mbili nimeripoti nyumba ambayo nilikuwa nakaa kwenye mkeka wao. Mara moja mtoto alihamishwa, nikaendelea naye kwenye familia mpya, hakunisemesha wiki sita. Jina la kazi niiteni lolote.

#25 Shina Moja

Nimekoma na jina. Pole na kazi, ndugu.

#26 Pwani Tulivu

Naomba niwatoe kwenye walezi wote, wa kulipwa na wasiolipwa. Kisiwa cha Kauai, Hawaii, Emmy Werner na wenzake walifuatilia watoto 698 waliozaliwa 1955, tangu mimba hadi utu uzima. Karibu theluthi ya hao walikuwa na hatari nyingi kwa pamoja: umaskini, ugomvi wa wazazi, ulevi, maradhi ya akili nyumbani. Na katika hao wa hatari, kama mmoja kwa kila watatu alikua mtu mzima mwenye kujiweza, mwenye upendo na kazi.

Walichokuwa nacho ni nini? Pamoja na mambo mengine, walikuwa na walau mtu mzima mmoja aliyewakubali. Bibi, shangazi, mwalimu, jirani. Hakuna aliyeajiriwa. Tunataka kujenga ofisi kwa jambo ambalo ukoo ungelifanya kama tungeusaidia ukoo.

#27 Mwanzo Mgumu

Ndugu Pwani Tulivu, hao mmoja kwa watatu ni ambao mtu huyo alitokea. Mimi naulizia wawili waliobaki.

#28 Pwani Tulivu

Wengi wa hao wawili walinyooka baadaye pia, kufikia miaka ya thelathini, kwa ndoa, kwa dini, kwa kurudi masomoni. Werner aliliandika hilo nalo. Usiwazike mapema. Ila swali lako limenigusa, kwa sababu baadhi yao hawakunyooka.

#29 Fundi Saa

Kwa anayetaka picha ya jumla ya programu zote za namna hii, za kumpa kijana mtu mzima wa kuwa naye: mwaka 2019 Elizabeth Raposa na wenzake walikusanya tafiti 70 za vijana zaidi ya 25,000. Faida ipo, ukubwa wake ni 0.21, kwa lugha ya mtaani ndogo kuelekea ya kati. Na kabla yake, 2002, David DuBois na wenzake waliunganisha tathmini 55, wakaonya kwamba kwa vijana wenye matatizo yao binafsi, programu iliyoendeshwa ovyo inaweza kuwadhuru.

Ukizisoma hizi mbili pamoja hupati ruhusa ya kusema "tuajiri" wala "tujitolee". Unachopata ni "usifanye ovyo". Hao wa Portland walianza kupimwa kwa bahati nasibu 2007, na kwa mpango wa miaka 12 ujue majibu yanakuja kwa mwendo wa konokono.

#30 Hesabu Kwanza

Na kwa mwendo huo mwanasiasa aliyeidhinisha fedha ameshatoka madarakani mara mbili. Hakuna bajeti ninayoijua inayoweza kumwahidi mtoto wa miaka sita kitu hadi afike 18. Mkianza na fedha za miaka mitatu za mfadhili, mmewaandalia watoto wanane kizingiti cha kukaa wamevaa viatu. Nilikuwa na shaka na gharama, sasa nina shaka na ahadi.

#31 Mwanzo Mgumu

Hili limenikalisha kitako. Sikuwa nimefikiria kwamba shirika zima linaweza kufanya nililolifanya mimi.

Jembe, ukiacha kazi kesho, wanane wako inakuwaje?

#32 Jembe Kwa Jembe

Niliwarithi watatu kwa mwenzangu aliyeugua, kwa hiyo naweza kukueleza. Kwa miezi mitatu tulikwenda wawili. Mwanzo yeye anaongoza mimi nimekaa pembeni. Baadaye mimi naongoza yeye yupo. Mwishoni akaanza kukosa siku alizosema atakosa, na kurudi siku alizosema atarudi, mtoto aone kwamba neno linashika. Siku ya mwisho alisema "leo ni ya mwisho", kwa maneno hayo hayo, hakusingizia safari.

Wawili walinikubali. Wa tatu, mpaka leo akiwa na hasira ananiita kwa jina la yule mwenzangu. Naitika.

#33 Ticha Mstaafu

Nusu yangu ya pili niliyoahidi nilitaka kusema kwamba mwalimu angeweza kuifanya kazi hii akipunguziwa darasa. Nimesoma bandiko #32, nairudisha mfukoni nikaifikirie upya.

#34 Nuru ya Asubuhi

Samahanini, nilihitaji siku mbili.

Kaka Bandari Salama, nilijua nikiwa na miaka 11. Aliacha begi wazi nikaona karatasi ya masaa. Jina langu, tarehe, na mbele yake "masaa 4". Tarehe ile ilikuwa siku ya kuzaliwa kwangu. Tulikuwa tumekaa mtoni, nilikuwa nimeihesabu ni siku nzuri kuliko zote, na kumbe ilikuwa na namba.

Wiki mbili sikutoka chumbani akija. Alikaa uani na kitabu chake, saa zake zikiisha anaaga kwa sauti anaondoka. Mara ya tano au ya sita nilifungua dirisha nikamuuliza, "Wakikuongeza mshahara utakuwa unakuja zaidi?" Akasema, "Hapana. Nitakuja hizi hizi." Nikamuuliza, "Wakikupunguza?" Akafikiria, kweli alifikiria, akasema, "Nitatafuta na kazi ya usiku. Lakini nitachoka, na nikichoka nitakuja na hasira. Sitaki kuja kwako na hasira."

Nilikuwa na miaka 11 na watu wote niliowajua walikuwa wanakuja na hasira. Nikatoka nje.

Kama ningekuwa hivi nilivyo bila yeye, sijui. Mdogo wangu hakupata mtu, nafasi zilikuwa zimejaa. Yupo gerezani sasa hivi. Lakini yeye ni mdogo kwangu kwa miaka minne, na hiyo miaka minne nyumbani ndiyo iliyokuwa mibaya zaidi, kwa hiyo hata hapo siwezi kuwapa jibu safi.

#35 Bandari Salama

Nimekusoma mara tatu. Sina la kuongeza.

#36 Mama Wawili

Mwanangu Nuru, bado mnaonana naye?

#37 Nuru ya Asubuhi

Amestaafu, mama. Magoti yanamsumbua. Jumapili napiga mimi, tunaongea kama saa moja hivi.

#38 Hesabu Kwanza

Dada Nuru, hii "nafasi zilikuwa zimejaa" imenikosesha usingizi. Nirudi kwenye namba basi, ndicho ninachokiweza: Jembe, huko kwenu watoto waliochaguliwa wakakosa nafasi mwaka jana walikuwa wangapi, na kuna yeyote anayewafuatilia?

#39 Jembe Kwa Jembe

Orodha yao ninayo ofisini. Jumatatu nitaihesabu.